Jiko jepesi la kupandia mlima lipimwe kwa gesi linayokula

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi katika ukurasa wako wa barua. Siku hizi kila mwisho wa wiki ukisimama stendi utawaona vijana wenye mabegi mgongoni wakielekea Usambara, Uluguru, Hanang au Rungwe, na wenzao wa Kenya wakielekea Aberdare na Mlima Kenya. Wengi wana jiko la gesi linaloenea kiganjani. Tunalifurahia hilo. Kila kuni inayobaki msituni ni faida, na moto wa wazi wakati wa kiangazi ni hatari tupu: Oktoba 2020 vichaka vya Kilimanjaro viliwaka kuanzia eneo la Whona, kati ya kambi za Mandara na Horombo, na taarifa za awali za TANAPA, shirika la hifadhi za taifa, zilisema moto ule ulianza kwa bahati mbaya wapagazi walipokuwa wakipasha chakula.

Lakini majiko hayo yanachaguliwa vibaya, na yanauzwa vibaya zaidi. Mnunuzi anauliza lina gramu ngapi, muuzaji anashika lile dogo kuliko yote, pesa inatoka, basi. Hakuna anayeuliza litakula gesi kiasi gani upepo ukivuma, wala kama miguu yake itastahimili sufuria ya ugali. Kazi yetu ni kupika na kuongoza watu milimani, na tunasema wazi: jiko dogo kuliko yote mara nyingi ndilo linalokuongezea mzigo.

Tuanze na mizani. Dukani utakuta jiko la titani la gramu 25, na pembeni yake jiko la chuma na aluminiamu la gramu 75 hivi. Tofauti ni gramu 50, na ndiyo inayouza. Sasa tia gesi kwenye hesabu. Mahali pasipo upepo, kuchemsha lita moja ya maji ya mtoni kwa jiko zuri na sufuria yenye mfuniko kunakula gramu 15 hivi za gesi. Upepo wa kawaida wa mchana ukipita kati ya kichwa cha jiko na sufuria, jiko ambalo kichwa chake hakina ukingo, kama lile la titani, linafika gramu 25 kwa lita hiyo hiyo, na upepo ukizidi maji hayachemki kabisa hata uache jiko likiwaka nusu saa. Watu wawili wanaochemsha lita 3 kwa siku, kwa chai, uji na chakula cha jioni, watatumia gramu 45 kwa jiko lenye ukingo na gramu 75 kwa jiko lililo wazi. Tofauti ni gramu 30 kila siku. Zile gramu 50 ulizookoa dukani zimeshaisha kabla ya jua la siku ya pili kuzama. Katika safari ya siku tatu jiko lenye ukingo linamaliza gramu 135, lililo wazi linamaliza 225. Kikopo cha gesi cha ukubwa wa kati kina gramu 230. Maana yake mwenye jiko lenye ukingo anarudi na akiba, na mwenye jiko lililo wazi anabakiwa na gramu 5 tu, hivyo kwa usalama anabeba kikopo kingine, ambacho hata kidogo kabisa kina uzito wa gramu 200 pamoja na chuma chake.

Kwa hiyo jiko lipinduliwe litazamwe kichwa. Kichwa kinachofaa kimebonyea katikati kama kisahani, na ukingo wake unapanda kuzidi matundu ya moto, hivyo mwali unazaliwa ndani ya kinga. Miguu inayoshika sufuria iwe mifupi, ili kitako cha sufuria kikae karibu na mwali pasiwe na mlango mpana wa upepo. Kichwa kilichotuna kama uyoga, chenye miguu mirefu, kinapendeza mezani tu. Tazama pia upana wa moto. Kichwa chembamba sana kinatoa mwali mmoja mkali kama tochi ya fundi, kinaunguza katikati ya sufuria na kuacha pembeni pabichi. Kinafaa kuchemshia maji na si zaidi.

Ukishanunua, upepo ubaki kuwa adui namba moja. Weka begi, jiwe au gogo upande unakotoka upepo, umbali wa hatua moja kutoka jikoni. Usizungushe bati pande zote kwenye jiko linalokaa juu ya kikopo. Joto linalogonga lile bati linarudi kwenye kikopo, na vikopo hivi vimeandikwa visipite nyuzi 50. Kigezo chetu ni mkono: kiguse kikopo kila baada ya dakika chache. Kikiwa baridi au vuguvugu, endelea. Kikiwa cha moto kiasi cha kukufanya uondoe mkono, zima mara moja. Hatari hiyo hiyo inaletwa na sufuria pana. Sufuria yenye kipenyo kinachozidi sentimita 20 inafanya kazi ya dari, inarudisha joto chini, na tumeona watu wakitandaza majiko mawili chini ya sufuria moja ya kundi zima. Hapo vikopo viwili vinaokana vyenyewe kwa vyenyewe. Wasifanye hivyo kamwe.

Jambo la pili ni kilichomo ndani ya kikopo, na hapa ndipo maduka yetu yanapolala. Gesi inayoandikwa "butani" si sawa na gesi nyingine yoyote iliyofungwa kwenye kikopo cha umbo hilo hilo. Jiko hili halina pampu. Linategemea gesi ya maji iliyomo ndani igeuke mvuke yenyewe na kujisukuma nje. Usawa wa bahari, butani ya kawaida inaacha kugeuka mvuke ikifika karibu na sifuri, isobutani inavumilia hadi nyuzi 12 chini ya sifuri, na propani hadi 42 chini ya sifuri. Kwa hiyo kikopo cha mlimani kinatakiwa kiwe mchanganyiko wa isobutani na propani, na sehemu ya propani ndiyo inayoliwasha jiko alfajiri. Soma ubavuni mwa kikopo. Kama pameandikwa butani peke yake, hicho ni cha Saadani, Bagamoyo na Pugu. Lushoto mwezi Julai kitawaka lakini kwa kusuasua asubuhi. Horombo usiku usikitegemee.

Wengi wanadhani gesi inashindwa juu mlimani kwa sababu hewa ni nyepesi. Sivyo. Hewa nyepesi inaisaidia gesi kutoka, kwa kuwa kuna mgandamizo mdogo wa nje wa kuishinda. Kila ukipanda mita 1,000 unapata nafuu ya nyuzi 3 hivi, kiasi kwamba kambi ya Kibo, mita 4,720, hata butani tupu inageuka mvuke hadi karibu nyuzi 14 chini ya sifuri. Kinachoua jiko ni baridi ya kikopo chenyewe. Gesi ikigeuka mvuke inanyonya joto kutoka kwenye chuma, na baada ya dakika tano za moto mkali utaona ukungu ubavuni mwa kikopo, kisha barafu nyembamba kama unga. Hewa ya nje ikiwa nyuzi 5 chini ya sifuri, ndani ya kikopo ni baridi zaidi, mwali unapungua, na mtu anatupa kikopo akidhani kimeisha kumbe bado kina theluthi nzima. Tena propani inatangulia kuondoka, kwa hiyo kikopo kinachokaribia kuisha kimebaki na butani nyingi na ndicho kinachogoma mapema.

Dawa yake ni rahisi. Usiku lala nacho ndani ya mfuko wa kulalia, miguuni. Asubuhi kisikae juu ya jiwe wala udongo wenye sakitu. Kiweke juu ya kipande cha godoro la safari, la ukubwa wa sahani. Kikizidi kugoma, kisimamishe ndani ya bakuli lenye maji ya vuguvugu yenye kina cha vidole viwili, maji ambayo unaweza kutia mkono na kuuacha humo. Maji ya kuchemka hayaruhusiwi, na kupasha kikopo kwa moto wa jiko lingine ni kutafuta msiba. Ukipika, tumia mwali wa nusu. Moto wa nusu unachelewesha chai kwa dakika mbili tatu lakini unakula gesi kidogo na haukipozi kikopo haraka.

Wauzaji wengine wanasifu majiko yenye regyuleta, kifaa kinachosawazisha mgandamizo wa gesi. Tunakubaliana nao kwa sehemu. Jiko la vali ya kawaida linapunguza moto kadiri kikopo kinavyopoa. Lenye regyuleta linashikilia moto uleule kwa muda mrefu zaidi, na kwa mtu wa Meru, Kilimanjaro au Mlima Kenya nyongeza ya bei inastahili. Kwa mtu wa Uluguru hana haja nalo. Na regyuleta haizalishi mgandamizo: gesi ikishapoa ndani kiasi cha kutogeuka mvuke, majiko yote mawili yanazima.

Sasa tufike kwenye ugali, kwa sababu vitabu vya majiko haya vimeandikwa na watu wanaochemsha maji na kumimina kwenye pakiti. Sisi tunasonga. Jiko linalokaa juu ya kikopo lina kimo cha sentimita 17 au 18 kabla hujaweka sufuria, juu ya kitako chembamba cha sentimita 9 kwa kikopo kidogo na 11 kwa cha kati. Tia humo sufuria ya lita mbili, kisha uanze kukandamiza kwa mwiko. Vimiguu vitatu vya titani, vyembamba kama njiti, vikishakuwa vyekundu kwa moto vinalainika, mmoja unajikunja kuelekea ndani, sufuria inalala upande, maji ya moto yanakwenda kwenye magoti ya mpishi. Mwenye jiko la namna hiyo achemshe maji, akoroge uji wake hadi uive, kisha azime moto na kushusha sufuria chini, aishike kwa miguu ya viatu au katikati ya mawe mawili, atie unga na kusonga pale chini. Akimaliza airudishe kwa mwali mdogo kabisa, afunike dakika tano, bila kugusa mwiko tena.

Lililo bora kwa ugali na kwa kikundi cha watu watatu au wanne ni jiko la mpira: kichwa kinakaa ardhini juu ya miguu yake mipana, na kikopo kiko pembeni kwa mpira wa chuma kilichosukwa. Lina gramu 160 hadi 190. Liko chini, halipinduki, na kwa kuwa kikopo kiko mbali unaruhusiwa kulizungushia bati la upepo karibu pande zote. Kama lina bomba jembamba la shaba linalopita kwenye moto kabla ya kuingia kichwani, lina faida nyingine kubwa: kikopo kinaweza kupinduliwa kichwa chini. Gesi inatoka ikiwa bado maji, inageukia mvuke ndani ya lile bomba la moto, na baridi ya kikopo haina nguvu tena. Liwashe kikopo kikiwa wima, subiri dakika moja bomba lipate moto, ndipo ukipindue taratibu. Kabla ya kuzima kirudishe wima, uache mwali utulie, kisha funga. Jiko lisilo na bomba hilo likipinduliwa kikopo linarusha miali mirefu ya njano kama mwenge. Muulize muuzaji akuonyeshe bomba kwa kidole. Akishindwa, usinunue kwa ajili ya kazi hiyo.

Yale majiko yaliyounganishwa na birika lake refu lenye mapezi chini yana gramu 370 hadi 420 pamoja na chombo. Kwa maji ya moto hakuna yanayoyashinda: gramu 10 hivi kwa lita, na upepo hayaujali sana. Anayekula tambi na kunywa chai, anayetembea peke yake siku nne au tano, anunue hilo. Wali unashika chini, ugali hausongeki, na mandondo hayana nafasi humo.

Kuhusu mandondo, maharage na makande tuseme ukweli bila kuzunguka. Maji yanachemka kwa nyuzi pungufu moja kwa kila mita 300 unazopanda. Horombo, mita 3,720, yanachemka kwenye nyuzi 88, kambi ya Barafu kwenye 85 hivi. Maharage makavu hayaivi kwa joto hilo kwa saa ambazo gesi yako inaweza kulipia. Hata chini huko Lushoto, mwali mdogo kabisa wa majiko haya unakula gramu 50 kwa saa. Saa mbili za maharage ni gramu 100, yaani kikopo kidogo kizima kwa sufuria moja. Pika maharage nyumbani, yaanike hadi yakauke, huko mlimani yaloweke tu na kuyapasha. Mchele ulowekwe nusu saa, uchemke dakika tano, kisha sufuria ifungwe ndani ya kanga na sweta kwa dakika 20. Unaiva wenyewe, moto ukiwa umezimwa. Dagaa, unga wa uji uliokaangwa, tambi na mayai ya kuchemsha ya siku ya kwanza ndiyo vyakula vya mtu anayebeba gesi yake mgongoni.

Turudi dukani, kwenye mdomo wa kikopo. Kuna aina tatu zinazochanganywa. Ya kwanza ni kikopo kifupi kilichotuna chenye hesi, ile mafundi wanayoiita thredi. Hicho ndicho cha kimataifa cha kupandia mlima, na jiko la kampuni moja linakaa kwenye kikopo cha kampuni nyingine. Ya pili ni mkebe mrefu kama wa dawa ya mbu, wa majiko ya sanduku yanayotumika nyumbani na hotelini. Huo una gramu 220 hadi 250 za gesi, karibu kila mara butani, na ni rahisi kuupata kwenye supamaketi. Kuna kiunganishi kidogo kinachoufanya ukubali jiko la hesi. Kinafaa safari za joto, kwa sharti moja: mkebe ukilazwa, ule mkato kwenye shingo yake uangalie juu. Ndani kuna kibomba kilichopinda kuelekea upande wa mkato, na ukiugeuza chini kitanyonya maji ya gesi badala ya mvuke. Ya tatu ni kopo la kutobolewa, lisilo na vali: jiko linalitoboa na kubaki hapo hadi gesi iishe. Ukilifungua katikati gesi yote inamwagika. Hilo lisiingie kwenye begi la mtu yeyote.

Hesi ifungwe kwa vidole peke yake, kikopo kikiwa wima na jiko likishuka wima. Utasikia "sss" fupi ya nusu sekunde, hiyo ni kawaida. Ikiendelea, fungua: hesi imevukana au mpira wa oringi ndani ya mdomo wa jiko umepasuka. Usiongeze nguvu, wala koleo lisiguse, kwa maana nguvu ndiyo inayoukata ule mpira. Kila jiko jipya lipimwe kwa povu la sabuni kwenye kiungo kabla ya kuwashwa mara ya kwanza. Povu likitoa mapovu makubwa yanayokua, lirudishe dukani. Kupima kwa kiberiti tunakusikia bado kukifundishwa, na kunaunguza nyusi za watu. Oringi ya akiba ina uzito usiosomeka kwenye mizani. Ibebe, pamoja na kiberiti cha gesi, kwa kuwa viwashio vya kubofya vinakataa kutoa cheche vikiwa vimelowa au huko juu kwenye hewa nyembamba.

Mwali wa buluu ni mzima. Ukigeuka wa njano na kuacha masizi, mara nyingi uji umemwagikia matundu au nozeli, kile kitundu cha kutolea gesi, imeingia uchafu. Sugua matundu kwa mswaki mkavu. Nozeli itolewe, ilowekwe kwenye spiriti na kupulizwa. Anayeitoboa kwa sindano anapanua tundu ambalo kiwanda kilipima kwa sehemu za milimita, na jiko hilo halitakuwa na mwali sahihi tena.

Ndani ya hema usipike. Tunajua mvua ya msitu wa Uluguru inavyonyesha, na tunajua baridi ya saa kumi alfajiri. Hata hivyo gesi hii ni nzito kuliko hewa, inatambaa na kukaa chini pale penye godoro, na moto wowote mahali palipofungwa unazalisha kabonimonoksidi, ile ile inayoua familia zinazolala na jiko la mkaa. Haina harufu. Anayeivuta anahisi kichwa kizito na usingizi, na mlimani atadhani ni ugonjwa wa kimo. Pika kwenye kibaraza cha hema kilichofunguliwa mbele na chini, au subiri mvua ipungue ule karanga.

Tumeacha mwisho lile linalotukera kuliko yote. Kuna mahali vikopo hivi vinajazwa upya kutoka mtungi wa nyumbani, kwa kimpira na kiunganishi, na kuuzwa nusu bei. Mtungi wa kilo 6 una ukuta mnene na vali ya usalama inayopumua mgandamizo ukizidi. Kikopo kina bati jembamba lililokusudiwa kutumika mara moja, na vingi havina pa kupumulia. Anayejaza hana mizani, hivyo anajaza hadi juu. Gesi ya maji inatanuka ikipata joto, na isipoachiwa nafasi ya mvuke inalisukuma bati hadi kitako kilichobonyea ndani kinatuna nje. Kikopo cha namna hiyo kikiachwa kwenye buti la gari juani Dodoma au Same, kinapasuka. Mteja anaweza kukitambua: hesi ina mikwaruzo, kifuniko cha plastiki si chake, kitako hakijabonyea vizuri, au uzito kwenye mizani unazidi jumla ya gesi na chuma kilichoandikwa. Kiache pale pale.

Tunawaomba wenye maduka wafanye mambo ambayo hayagharimu kitu: waweke mizani ya jikoni kaunta, waandike kwa Kiswahili kwenye kila rafu mchanganyiko wa gesi na aina ya mdomo, wasiuze kikopo kilichojazwa upya hata mteja akibembeleza. Tunawaomba TBS, shirika la viwango, na EWURA, mdhibiti wa nishati na maji, wadai maelekezo ya Kiswahili kwenye vikopo vinavyoingia nchini, kama wanavyosimamia mitungi ya nyumbani. Wageni wanaokuja kwa ndege hawaruhusiwi kubeba gesi mkononi wala kwenye mzigo, kwa hiyo hata wao wananunua kwenye rafu hizo hizo za Moshi, Arusha na Nairobi.

Na wewe unayeondoka Ijumaa hii: pima kikopo chako leo usiku. Kikopo kipya cha gramu 230 kina jumla ya gramu 380 hivi, kwa hiyo chuma chake ni 150. Kilichobaki juu ya 150 ndiyo gesi yako. Iandike ubavuni kwa kalamu ya wino mzito, pamoja na tarehe, kisha gawanya kwa 15 ujue una lita ngapi za maji ya moto. Upepo ukitarajiwa na jiko lako liko wazi, gawanya kwa 25.

Wapishi na waongoza watalii wa mlimani,
Moshi